Modeli yangu ya hisa ina R skwea ya 0.98, nichukue milioni 5 za shangazi?

SWALI: Shikamoo dokta. Nasoma masters ya fedha hapa Dar, tasnifu yangu ni kutabiri bei za hisa kwa modeli ya LSTM (mtandao wa neva wa kompyuta unaojifunza mfululizo wa namba). Nilianza na hisa za hapa DSE (soko la hisa la Dar) ila kaunta nyingi, yaani hisa za kampuni moja moja, bei zinagoma kusogea, nikahamia Safaricom ya Nairobi, bei za kufunga za kila siku 2010 mpaka 2023. Modeli imetoa R skwea 0.98 (kipimo cha utabiri unavyoikaribia bei, 1 ndo mwisho), kosa la wastani halifiki asilimia 1.5, ukichora grafu mistari miwili inalaliana kabisa. Msimamizi kasema kazi nzuri. Sasa shangazi yangu kaiona ile grafu anataka anipe milioni 5 nimzungushie. Nichukue? Na kama inawezekana hivi, mbona maprofesa walioanza mambo haya zamani hawajatajirika?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Naanza na la shangazi maana hela ndo haina subira: usichukue. Modeli yako haijakosewa kuandikwa, inawezekana code iko safi kabisa, shida ni kwamba ile 0.98 inajibu swali ambalo shangazi hajauliza.

Fungua laptopu sasa hivi, ile grafu yako ya miaka mingi ivute karibu mpaka uone siku 20 tu. Nakwambia kabla hujafungua, utakuta mstari wa modeli unatembea nyuma ya mstari wa bei kwa siku moja, kama mtoto anayemfuata mama yake Kariakoo, mama akikata kulia na yeye anakata kulia, ila kachelewa hatua moja. Ukiangalia kwa mbali utasema wanatembea pamoja, ila mtoto hajui mama anaenda duka gani, anajua tu alipokuwa dakika iliyopita.

Sasa fikiria mlinzi pale getini chuoni kwenu, tumwite Mzee Kesho-Kama-Leo. Hajawahi kusikia habari ya LSTM, kila jioni anauliza Safaricom imefunga ngapi, ukimwambia 20 anasema basi na kesho 20. Basi, hiyo ndo modeli yake yote. Nachukua bei za kutunga tuhesabu wote: 20.00, 20.20, 20.10, 20.30, 20.25. Mzee siku ya pili kakosea senti 20, ya tatu senti 10, ya nne senti 20, ya tano senti 5, wastani senti 14 hivi, kwenye hisa ya shilingi 20 hiyo haifiki hata asilimia moja. Kwa hesabu yako ya "usahihi" huyu mzee ana zaidi ya 99, na hajui chochote kuhusu Safaricom zaidi ya kwamba ni laini yake ya simu akienda Namanga.

Kwa hiyo kabla ya yote mpe na yeye data zile zile ulizojaribia modeli, upime kosa lake kwa fomula ile ile. Wanafunzi wengi sana wanaruka hapa, na wasimamizi wengi nao hawaulizi, ndo maana tasnifu za 0.97 na 0.98 zimejaa makabati. Kwa kawaida mzee atakuwa sawa na wewe, na mara nyingi anakupita kidogo, maana modeli inaongeza makorokoro yake juu ya jibu ambalo tayari lilikuwa rahisi.

Na ile R skwea inapaa kwa sababu ya kawaida tu. Yenyewe inakulinganisha na mtu anayetaja wastani wa kipindi chote kila siku. Safaricom imeuzwa kwa umma mara ya kwanza (IPO) mwaka 2008 kwa shilingi 5, ikakaa chini ya hapo miaka, ikaja kupita 40 mwaka 2021, mwisho wa 2023 ikawa iko chini ya 15. Kwa bei iliyotembea hivyo, yeyote anayebaki jirani na bei ya jana anaonekana bingwa mbele ya mtu anayetaja wastani. Na bei za namna hii, zinazotanga bila kurudi nyumbani, zina uchawi wake, ukizipima na kitu kingine chochote kinachotanga utapata uhusiano mkubwa ambao haupo. Yule Yule (ndo jina lake, George Udny Yule) aliliandika hili mwaka 1926, Granger na Newbold wakalirudia mwaka 1974 kwa kuzalisha namba za bahati nasibu na kuonyesha zinavyopeana R skwea kubwa bila kuwa na undugu.

Jaribu na wewe, dakika kumi tu. Chukua Excel, anza na 100, kila mstari rusha shilingi: kichwa ongeza asilimia 1, mwenge punguza asilimia 1, fanya mara 3,000. Chora. Utaona kabisa milima, mabonde, "sapoti", mabega na kichwa, vyote ambavyo wale jamaa wa magrupu ya kutredi wanavizungushia duara jekundu. Halafu ilishe modeli yako hiyo data. Itatoa 0.98 au jirani yake, kwa kutabiri shilingi ya kurusha. Harry Roberts wa Chicago alifanya mchezo wa aina hii mwaka 1959, alichora namba za bahati nasibu akaziweka karibu na grafu ya Dow Jones (kipimo cha soko la Marekani) na ukiangalia huwezi kusema ipi ni ipi.

Hapo sasa ndo tunaingia kwenye swali lako la pili, la maprofesa.

Mambo haya ni ya zamani kuliko watu wanavyodhani. Mfaransa Louis Bachelier aliandika tasnifu yake Paris mwaka 1900, kwamba bei inatembea kama chembe inayogongwa gongwa huku na huku, matarajio ya anayebashiri ni sifuri. Hawakumjali sana kwa miaka mingi. Halafu kuna huyu nampenda mimi, Alfred Cowles, Mmarekani mwenye pesa zake, alikuwa analipia majarida ya ushauri wa hisa, soko likaanguka 1929 na hakuna hata jarida moja lililomwambia ajitayarishe. Angekuwa mwingine angeishia kutukana. Yeye akakaa chini akakusanya mashirika 16 ya ushauri, mapendekezo kama 7,500 ya hisa moja moja, akahesabu, akachapisha mwaka 1933: kwa wastani waliofuata ushauri walifanya vibaya kuliko soko lenyewe kwa asilimia 1.43 kwa mwaka. Akachukua na watabiri wa soko zima akawalinganisha na watabiri wa uongo aliowatengeneza kwa kuchomoa kadi. Wale bora kabisa hawakuonekana tofauti na kadi zilizobahatika. Mwaka 1953 Maurice Kendall akachukua mifululizo 22 ya bei, mingi ya hisa za Uingereza, akitegemea atakuta mawimbi ya biashara, akakuta mwendo wa mlevi (random walk, hatua ya jana haikwambii ya kesho inaenda wapi). Tasnifu ya Eugene Fama wa Chicago ikachapishwa 1965, na mwaka 1970 akapanga yale madaraja matatu ya ufanisi wa soko unayoyajua, yaani bei inavyobeba habari zote zilizopo.

Na sababu ukiiweka kwa Kiswahili cha mtaani haina ugumu. Kama watu wengi wanajua kwamba Jumatatu hisa itakuwa 22, nani atakuuzia Ijumaa kwa 20? Atanunua yeye. Bei inaruka Ijumaa hiyo hiyo, na kilichobaki cha kusogeza bei Jumatatu ni kile ambacho Ijumaa hakuna aliyekijua. Utabiri ukishajulikana unajila wenyewe.

Ila usije ukaenda kwenye utetezi ukasema soko ni ufanisi mtupu, watakukamata. Shiller mwaka 1981 alionyesha bei zinaruka kuliko gawio linavyoweza kueleza, na cha kuchekesha mwaka 2013 yeye na Fama wakapewa Nobeli moja, pamoja na Hansen, watu wawili ambao kwenye hili hawakubaliani. De Bondt na Thaler mwaka 1985 walikuta hisa zilizoanguka vibaya kwa miaka kadhaa baadae zinawapita zilizopanda. Jegadeesh na Titman 1993 wakakuta kitu kinachoonekana kinyume, kwamba kwa miezi 3 mpaka 12 iliyopanda inaendelea kupanda. Lakini McLean na Pontiff walichukua vitabiri 97 vya namna hiyo vilivyochapishwa, wakaangalia maisha yake baada ya kuchapishwa: faida zilikuwa zimepungua kwa asilimia 58. Sehemu ilikuwa bahati tangu mwanzo, sehemu watu wamesoma wameenda kuimaliza.

Na kama unataka namba ya kuweka kando ya 0.98 yako, hii hapa. Gu, Kelly na Xiu mwaka 2020 walichukua hisa karibu 30,000 za Marekani, miaka 60, mitandao ya neva na miti ya maamuzi ya kila aina, kompyuta za maana, wakatabiri faida ya mwezi unaofuata. R skwea kwenye data ambazo modeli haijawahi kuziona ilikuwa kama asilimia 0.4. Yaani 0.004. Na hiyo kwenye fani inahesabiwa kazi kubwa, watu wanaiheshimu. Sasa wewe na laptopu ya mkopo umepata 0.98, si inabidi ujiulize kwanza mnapima kitu kimoja? Wao wanatabiri badiliko, wewe unatabiri kimo. Kumtabiri mtoto wa miaka kumi kwamba kesho atakuwa na urefu ule ule wa leo sio kazi, kazi ni kusema wiki hii ataongezeka milimita ngapi.

Kuhusu kutajirika, wapo. David Booth alisoma kwa Fama, akaanzisha kampuni ya uwekezaji iliyojengwa juu ya wazo la kutobashiri, 2008 akakipa chuo cha Chicago dola milioni 300, shule yao ya biashara ndo ina jina lake. Sasa ona hiyo, utajiri umetoka kwa yule aliyeamini kwamba hawezi kutabiri.

Haya turudi Nairobi, maana hapa ndo utamu ulipo na hapa ndo nadhani tasnifu yako inaweza kuokoka.

Unasema umetumia bei ya kufunga. Umewahi kujiuliza bei ya kufunga ya NSE (soko la hisa la Nairobi) inapatikanaje? Sio bei ya mwisho kuuzwa kabla ya kengele. Ni wastani wa bei za siku nzima, uliopimwa kwa idadi ya hisa zilizouzwa. Sasa angalia kinachotokea. Jumatatu hisa inauzwa 20 siku nzima. Jumanne asubuhi 20, saa sita habari inatoka, mchana wote inauzwa 21. Jumatano 21 siku nzima. Tuseme asubuhi na mchana ziliuzwa sawa, basi kwenye karatasi utaona Jumatatu 20, Jumanne 20.50, Jumatano 21. Bei iliruka mara moja tu, ndani ya dakika chache, ila kwenye data yako imepanda siku mbili mfululizo! Modeli inajifunza kwamba ikipanda leo na kesho itapanda, inakupa hata uwezo wa kutabiri badiliko, sio kimo tu, na wewe unaruka juu kwa furaha kwamba umempita Mzee Kesho-Kama-Leo. Ila Jumanne jioni hakuna binadamu anayeweza kununua kwa 20.50, hiyo bei haikuwepo sokoni, ni hesabu ya karani.

Hili sio langu. Cowles yule yule na mwenzake Jones mwaka 1937 walitangaza wamekuta bei zinaendeleza mwelekeo. Miaka ikapita, mwaka 1960 Holbrook Working akaonyesha kwamba ukichukua wastani wa mwendo wa mlevi, mabadiliko ya huo wastani yanapata uhusiano wa kubuni unaofika karibu 0.25, hata kama ndani yake hakuna kitu. Data za Cowles zilikuwa na wastani ndani yake. Na Cowles, mwaka huo huo, akaandika upya hitimisho lake hadharani akaeleza kosa lilipokuwa. Namheshimu sana kwa hilo, yule mtu alikuwa keshazeeka na jina kubwa, angeweza kunyamaza.

Na zile za DSE ulizozikimbia zina ugonjwa wa pili. Soko limeanza kuuza hisa Aprili 1998 na TOL, mpaka leo kuna kaunta zinapitisha siku nyingi bila muamala, bei inaandikwa ile ile ya juzi. Bei iliyosimama haina maana thamani imesimama, ni kwamba hakuna aliyeuza. Siku muamala ukipita inaruka kulipa madeni ya wiki nzima. Ukiweka hiyo kwenye modeli utapata "utabiri" mzuri tu, kwamba benki kubwa ikisogea leo kaunta ndogo itafuata baada ya siku tatu, kumbe ile ndogo ilikuwa imelala. Ndo maana hata tafiti za Nairobi zinagombana, Parkinson 1987 na bei za mwezi mwezi alikataa kwamba ni mwendo wa mlevi, Dickinson na Muragu 1994 na hisa 30 za 1979 mpaka 1989 hawakuona cha kuupinga. Ukisoma mgongano kama huo, kabla hujaanza kusema tabia za wawekezaji, uliza kwanza bei zimekusanywaje na kaunta zinauzwa mara ngapi.

Mimi mwenyewe haya sikuyajua kwa kusoma. Miaka hiyo nilikuwa na kanuni yangu kwenye kaunta moja ndogo, jina lake silitaji, kwenye karatasi ilikuwa inazaa asilimia 30 kwa mwaka. Nikaweka hela. Kanuni ikasema uza, nikampigia dalali auze, akaniambia dokta hakuna mnunuzi. Nikapiga kesho yake. Hakuna. Ilichukua karibu wiki tatu, zikaondoka vipande vipande kwa bei ya chini, na kwenye Excel yangu ile biashara ilikuwa imeshafungwa siku ya kwanza kwa faida. Mama watoto mpaka leo akiona nafungua grafu anacheka.

Halafu gharama. Dalali, soko, mamlaka, amana, wote wanachukua chao, weka hata asilimia 1.5 kila upande uwe mpole, kununua na kuuza 3. Milioni 5 za shangazi ukizizungusha mara moja kwa wiki, wiki 50, bei isiposogea kabisa mwisho wa mwaka zimebaki milioni 1.1 hivi. Hapo sijaweka kubadilisha shilingi ya Tanzania kwenda ya Kenya na kurudi. Kwa hiyo modeli haitoshi iwe sahihi, inabidi iwe sahihi kwa zaidi ya asilimia 3 kila ikisema nunua, na hisa kubwa haisogei hivyo kila wiki.

Angalia na vitu viwili kwenye code. Moja, ile skela ya kuweka bei kati ya 0 na 1, umeipima kwenye data zote au za mafunzo tu (zile modeli ilizojifunzia)? Kama ni zote, modeli ilikuwa inajua mwaka 2014 kwamba kilele kitakuja kupita 40. Hiyo ni kuchungulia mtihani. Mbili, usichanganye siku ovyo kabla ya kugawa, kata kwa tarehe, mafunzo yaishie mfano 2019, uone modeli inavyojikuta 13 Machi 2020, siku Kenya ilipotangaza mgonjwa wa kwanza wa korona, NSE 20 (kipimo cha hisa 20 za Nairobi) ikashuka zaidi ya asilimia 5 mpaka soko likasimamishwa. Na kama umeingiza NASI (kipimo cha hisa zote za Nairobi) kama kigezo cha kutabiri Safaricom, itoe au ieleze vizuri, kuna wakati Safaricom peke yake ilikuwa zaidi ya nusu ya thamani ya soko lote, hapo unamtabiri mtu kwa kivuli chake.

Sasa tasnifu. Usiitupe, geuza swali. Badala ya kusema nitatabiri bei, sema unapima ni kiasi gani cha utabirikaji unaoonekana Nairobi kinatoka kwenye bei ya wastani na kwenye uuzaji hafifu. Tafuta data za miamala yenyewe, utengeneze bei ya mwisho halisi ya siku, uendeshe modeli kwa bei hiyo na kwa bei ya wastani, uone tofauti. Ikitoka sifuri ni matokeo, ikitoka kubwa ni matokeo pia, na msimamizi wako atakuwa na kitu cha kuchapisha. Au kama unaipenda LSTM, tabiri misukosuko badala ya mwelekeo. Hapo kuna kitu kweli, Mandelbrot aliona tangu 1963 kwenye bei za pamba kwamba siku za vurugu zinafuatwa na siku za vurugu, Engle akaja na modeli yake 1982, Nobeli akapata 2003. Huwezi kujua kesho inapanda au inashuka ila unaweza kusema kwa uhakika fulani kesho kutakuwa na purukushani au kumetulia, na mabenki na mifuko ya pensheni wanaitumia hiyo kila siku.

Vyovyote utakavyochagua, kwenye kila jedwali la matokeo mstari wa kwanza uwe wa Mzee Kesho-Kama-Leo. Msimamizi akikuuliza huyu ni nani mwambie ni modeli ya msingi, jina la heshima hilo.

Shangazi mwambie modeli bado iko maabara. Akitaka hisa za Safaricom kwa sababu anataka gawio na atakaa nazo miaka, hiyo ni habari nyingine, anunue kwa jina lake na akaunti yake, sio yako. Na wewe kama roho inakuuma, iendeshe kwenye daftari miezi sita, kila jioni andika modeli imesema nini kabla soko halijafunguliwa kesho yake, toa asilimia 3 kila mzunguko, kisha nitumie hilo daftari hata kama limekuaibisha.